Makaburi Kumi na Moja ya Auleria

Baba Padre, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Mkombozi pamoja na wajumbe wako, wazee wetu shikamooni, majirani wa Runazi mliopokezana jeneza hadi huku juu, na ninyi wa Keza mliodandia malori na kutembea palipokosekana lori, anayesimama mbele yenu na karatasi hii ni Bonaventura Ruhuma, mdogo wake marehemu wa mwisho, ambaye familia imemchagua kwa sababu wenye sauti nzuri wote wanalia. Tumekubaliana historia hii isomwe yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mngependa tuyaruke, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kuruka jambo, na pia kwa kuwa juzi Jumatano, tarehe 18 Februari 1981, tuliletewa barua yenye mhuri wa kijiji, inayokataza mtu yeyote kuzikwa kwenye kilima hiki cha Nyabugera. Barua tumeipokea, tumeisoma, tumeikunja vizuri, na sasa tuko kilimani.

Marehemu Auleria Ruhuma alizaliwa tarehe 14 Mei 1931 huko Keza, Wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Ruhuma na Mama Nimpaye, akabatizwa katika Misheni ya Rulenge Jumapili ya tarehe 16 Agosti mwaka huo huo. Ulikuwa mwaka wa nzige, wazee mnaukumbuka, nzige walitua asubuhi na kufikia jioni mtama ulikuwa vijiti, migomba imebaki mbavu, na mama yetu akiwa na kichanga Auleria mgongoni akashika jembe na kuanza kuchimba viazi na mihogo ambayo nzige hawakuiona kwa sababu ilikuwa chini ya udongo, ikawalisha watu watano kwa miezi mitano. Tangu siku hizo Mama Nimpaye hakukiamini tena chakula cha juu ya ardhi peke yake, na hofu hiyo aliipitisha kwa binti yake kama wengine wanavyopitisha shanga.

Alianza masomo Januari 1942 katika shule ya misheni pale Rulenge, akamaliza darasa la nne Desemba 1945, akiwa anajua kusoma, kuandika, kujumlisha na kubishana, na hili la mwisho halikuwa kwenye ratiba. Masista walitaka aendelee, lakini baba alikuwa amekwisha kuugua mgongo na shamba lilihitaji mikono, basi dada akarudi nyumbani, akalima, akatulea sisi wadogo, na kila mtoto wa Ruhuma anayejua kuandika jina lake aliandikishwa kwanza na Auleria kwa kijiti kwenye mchanga wa uani.

Jumamosi ya tarehe 9 Juni 1951 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Privatus Kagoro, mrina asali wa hapa Runazi, Wilaya ya Biharamulo, akasindikizwa kwa miguu siku tatu, na sisi tuliomsindikiza hatujasahau aibu tuliyoipata siku ya kufika, maana bibi harusi alikuwa amebeba kichwani kikapu cha mbegu za ulezi na begani mzigo wa vijiti vya mihogo, mashangazi wa Privatus wakaulizana chini chini kama kwao Runazi kulikosekana kuni. Kesho yake asubuhi, kabla shemeji zake hawajanawa uso, vijiti vyote vilikuwa vimekwisha kupandwa kwenye mteremko.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mkulima, na hapo familia inaomba mtulie kidogo, kwa sababu mmezoea kusikia neno hilo likisomwa upesi na kupitwa. Shamba alilolifanya yeye na Privatus hapa Nyabugera lilianza kwenye nyumba ile mnayoona msingi wake pale, migomba ikiizunguka, kahawa kidogo kivulini iliyotokana na mbegu alizokuja nazo Privatus mwaka 1956 alipotoka kufanya vibarua Buganda, kisha mteremko wa mihogo ya aina mbili, mitamu ya kula leo na michungu ya kukaa ardhini miaka miwili ikisubiri shida, kisha ulezi kwa sababu ulezi ukikauka vizuri unakaa hata miaka kumi, kisha maharage, na kule bondeni penye unyevu viazi vitamu vya kiangazi. Kulikuwa na mizinga kumi na saba ya nyuki katika msitu, na kulikuwa na mbuzi, ambao hakukubali kamwe walale wote katika zizi moja, aliwagawa kwa marafiki katika vijiji vinne, ili ugonjwa ukiingia kijiji kimoja usimwachie kamba tupu. Na kuanzia mwaka 1964 alisuka vikapu pamoja na rafiki yake Mama Nyirabahizi, aliyekimbia kutoka Rwanda mwaka huo akiwa na nguo aliyovaa na ujuzi wa mikono yake, naye amekaa pale mbele, mnamwona.

Bwana Shamba mmoja aliyepita hapa mwaka 1966 alitazama yote hayo akatikisa kichwa, akasema hili si shamba, ni fujo, akamshauri afyeke alime mahindi kwa mistari. Dada alimkaribisha kiti, akampa asali na viazi vya kuchoma, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akamshukuru, na alipoondoka akaendelea na fujo yake.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Jovina aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1953, ambaye sasa ni mwalimu, Ernesta aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1955, Pancras aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 1958, na Marsiana aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1962. Tarehe 3 Septemba 1969 Privatus alianguka kutoka juu ya mti akirina asali, akafariki kabla ya kufikishwa nyumbani, akazikwa hapa nyuma ya nyumba yake, na kichwani pa kaburi ukapandwa mulamula, mti ule tunaoupanda mipakani na makaburini ili hata baada ya miaka mia mtu ajue kwamba hapa pana mwenyewe. Kumbukeni mti huo, maana ndio uliomfanya dada yetu apendwe, aogopwe na kuadhibiwa.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 20 Agosti 1974, Operesheni Vijiji ilifika Nyabugera. Siku tatu kabla yake kila kaya ilikuwa imeambiwa ihamie kando ya barabara, katika kijiji kipya cha Mkombozi, ambako kulikuwa na viwanja vilivyopimwa kwa kamba, shamba la pamoja la mahindi na ahadi ya bomba la maji ambalo mpaka leo linatafuta njia. Familia haisemi kwamba kukaa pamoja ni kubaya, Jovina amefundisha watoto wa watu katika shule ya kijiji hicho, zahanati tumeitumia, tunashukuru. Lakini mgambo waliokuja siku ile walikuwa na amri ya kuezua nyumba na kufyeka kila kilichosimama, ili mtu asipate cha kumrudisha nyuma, na marehemu alikuwa mjane mwenye mabinti wawili na kijana wa miaka kumi na sita nyumbani, anajua idadi ya vikapu vilivyo ghalani, na anajua mvua za mwaka ule zilivyokuwa zikisuasua.

Basi katika siku tatu zile alijifunga kibwebwe, yeye na Nyirabahizi na Pancras. Walikata mashina ya mihogo yote michungu usawa wa ardhi wakiacha mizizi humo humo, wakainua udongo juu yake matuta marefu ya urefu wa mtu, matuta manane, wakazunguka kila tuta kwa mawe, kisha katikati ya matuta hayo wakachimba mashimo matatu zaidi na kufukia mitungi ya ulezi iliyozibwa kwa nta ya nyuki, nayo wakaifanyia vivyo hivyo, na kichwani pa kila tuta wakachomeka tawi la mulamula. Mgambo walipofika walikuta nyuma ya nyumba kaburi la Privatus na mengine kumi na moja yamejipanga kando yake, wakavua kofia. Nyumba waliiezua, migomba waliikata, kahawa waliing'oa, lakini hapa waliposimama watu leo hakuna aliyetia panga.

Karani wa kijiji alitaka orodha ya makaburi yaliyoachwa, kwa kuwa sheria ilimruhusu mtu kurudi kupalilia makaburi ya wazazi wake kila Jumamosi, akamwuliza marehemu majina, na dada yetu, akiwa hajajiandaa kwa swali hilo, akaanza kutaja watu wa Keza. Alitaja babu, akataja bibi, akataja shangazi watatu na wajomba wanne, akataja baba yetu Ruhuma, akamalizia na mama yetu Nimpaye, ambao wote walikwisha kufariki na kuzikwa kwao Keza kwa heshima zote, na babu kwa jinsi tulivyomjua hakuwahi kufika Biharamulo akiwa hai. Karani aliandika yote kumi na moja kwa wino wa bluu, akapiga mhuri.

Mwaka ule ulitangazwa kuwa wa kilimo cha kufa na kupona, na marehemu akachagua kupona. Mvua za vuli ziligoma, mahindi ya shamba la pamoja yalifika magotini yakasimama, yakawa majani ya kuezekea, na kufikia Februari 1975 watoto wa Mkombozi walikuwa wamevimba miguu huku tukisubiri mahindi ya njano ya msaada ambayo kila wiki tuliambiwa yako njiani. Kila Jumamosi Mama Auleria alipanda kilima na jembe na kikapu kupalilia makaburi ya wazee wake, na hakuna mjane katika wilaya hii aliyewahi kuomboleza kwa jembe kiasi kile. Mihogo michungu ililowekwa kule kule kijitoni, ikakaushwa juu ya miamba, ikashuka kijijini chini ya mzigo wa kuni ikiwa makopa, Nyirabahizi akaitwanga, na unga ukapelekwa kwanza katika nyumba zenye watoto wachanga, ukisemwa kwamba umeletwa na ndugu wa Keza. Sisi wa Keza tulishukuriwa sana mwaka ule, watu walitusimamisha njiani na kutushika mikono miwili, nasi tukashangaa tumefanya nini.

Kaya ishirini na nne zilikula kutoka kilimani kwa miezi minne. Mojawapo ilikuwa ya Ndugu Ansbert Magoma, mwenyekiti wetu, ambaye mkewe, Mama Verediana, alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma na maziwa yamekauka. Hatusemi hili kumfedhehesha mtu, uji ni uji, na mtoto yule sasa ana miaka sita na yuko hapa na viatu vyake vyeupe.

Mashina yaliyokatwa yalichipua tena, kama kawaida ya mhogo, ikawa juu ya makaburi manane kuna mhogo umesimama, na hilo halikumshtua mtu, kwa sababu kwetu nani angekula mhogo uliomea kaburini, huo ni mwiko mzito, hata mwizi mwenye njaa anaupita. Mwiko huo ndio uliokuwa ukuta wa shamba lake, bora kuliko miiba. Lakini ukuta huo ulimgeukia mwenye shamba. Tarehe 2 Novemba 1977, Siku ya Marehemu Wote, katekista mpya mwenye bidii aliamua kuwapandisha waumini kilimani kuombea makaburi yale mengi, bila kumwarifu mwenyewe, wakakuta moja limefukuliwa ubavuni, maganda ya mihogo yametapakaa, na kikapu cha Mama Auleria kimekaa pembeni.

Waombolezaji, wengi wenu mlikuwepo, na wengi wenu mlikimbia. Kufikia jioni ilikuwa imesemwa kote kwamba Mama Auleria anafukua wafu, kwamba unga tuliokula mwaka wa njaa ulitoka katika vifua vya maiti, watu wakatapika chakula cha miaka miwili iliyopita, na walioshibishwa naye wakawa wa kwanza kumfungia mlango. Mnajua katika nchi hii mwanamke mjane akiitwa mchawi hukaa siku ngapi. Sasa tazameni alivyobanwa, akinyamaza yeye ni mchawi na nyumba yake itachomwa na yeye ndani, na akisema kweli, kwamba makaburi ni ya uongo, yeye ni mhujumu aliyeidanganya serikali na kuficha chakula, na mlango wa hilo ni jela.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba uliitishwa mkutano, kiwanja kikajaa mpaka barabarani, mwenyekiti akasimama, akasoma mashtaka yote mawili, kana kwamba yanaweza kukaa katika mwili mmoja, halafu akamwuliza mshtakiwa ana la kusema. Marehemu aliondoka pale mbele akapanda kilima, na mkutano mzima ukamfuata kwa hofu na udadisi, mpaka akafika kwenye tuta la mwisho, lile lililoandikwa jina la mama yetu Nimpaye, akamkabidhi mwenyekiti jembe, akasema kwa sauti ambayo hata walio bondeni waliisikia: "Chimbeni wenyewe. Mkikuta mfupa hata mmoja, nizikeni humo humo nikiwa hai."

Mwenyekiti alilipitisha jembe kwa kijana mmoja, naye akalipitisha, likamfikia Pancras, mwanawe, akachimba. Ilitoka mihogo, waungwana. Ilitoka mihogo minene kama mapaja, mmoja baada ya mwingine, ikalazwa juu ya nyasi mpaka watu wakaanza kuihesabu kwa sauti, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa bibi mmoja mzee sana ambaye hakuwa amecheka tangu ahamishwe, kisha kicheko kikashika watu wote isipokuwa uongozi. Uchawi uliishia hapo, lakini hujuma ilibaki, na kikao kilimhukumu siku arobaini za kupalilia shamba la pamoja peke yake, kikamvua ujumbe wa nyumba kumi aliokuwa nao, na kikapiga marufuku mguu wake kukanyaga Nyabugera. Siku arobaini alizimaliza bila kukosa hata moja, na katika mistari ya mahindi ya kijiji alipachika maharage bila kumwuliza mtu, ambayo mliyavuna Machi mkayasifu. Alikwenda pia kuungama Rulenge, na aliyoambiwa na padre ni siri ya kitubio, ila alirudi anacheka peke yake njia nzima.

Vita ilipoanza, mwezi Oktoba 1978, malori yalipita barabara yetu yakielekea kaskazini mchana kutwa, na kila kijiji kikatakiwa kutoa vijana na chakula. Ghala la Mkombozi lilikuwa na mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Ilikuwa tarehe 21 Novemba, saa nne asubuhi, Ndugu Mwenyekiti alipofika kiwanjani kwa Mama Auleria, akaketi, akakohoa, akaomba makopa kwa ajili ya wapiganaji, naye dada akamwuliza atatoaje makopa kutoka kilima ambacho amekatazwa kukikanyaga. Mbele ya Nyirabahizi na mbele ya Jovina, mwenyekiti alisema, nasi tunayarudia maneno yake kama yalivyotoka: "Vita ikiisha, Mama Auleria, kilima ni chako."

Alitoa magunia tisa ya makopa, madebe mawili ya asali na mtungi wa mwisho wa ulezi, na siku tano baadaye akamtoa Pancras, aliyekuwa mgambo, mwenye miaka ishirini. Alimsindikiza mpaka penye lori, akamfungia viazi vya kuchoma katika jani la mgomba, akamwambia asikose kuandika. Aliandika mara mbili. Tarehe 22 Mei 1979, wakati watu wanaimba ushindi, ililetwa taarifa kwamba Pancras Privatus aliuawa mwezi Februari kwenye njia ya kwenda Masaka, na amezikwa mbali pamoja na wenzake, mahali ambapo mama yake hakujaliwa kufika. Dada yetu hakulia mbele za watu. Alipanda huku, akachagua tuta la kwanza kando ya kaburi la Privatus, lile lililoandikwa jina la babu, akang'oa mihogo yake yote hadi mzizi wa mwisho, akafukia humo shati la Pancras na zile barua mbili, akalifunika, na tangu siku hiyo hakulichimba tena. Wapo waliosema uchungu umemchanganya. Alikuwa na akili timamu kuliko wote waliosema hivyo, na moyo wake ulikuwa umevunjika, mambo hayo mawili hukaa pamoja.

Vita iliisha, na kilima hakikuwa chake. Aliambiwa kikao kimeamua Nyabugera pawe msitu wa miti ya kijiji, na alipokumbusha ile ahadi akaambiwa haikuandikwa. Septemba 1980 ilipandwa hapa miche mia tatu, ikaliwa na mbuzi ambao mpaka leo haijajulikana ni wa nani. Na mvua za vuli za mwaka huo zilipogoma tena, watu walewale walianza kumjia mmoja mmoja kuomba mbegu ya mihogo, naye hakumnyima mtu, hata wale waliomfungia mlango, ila alimpa kila mmoja kwa sharti moja, kwamba avipande vijiti hivyo mahali pake mwenyewe, na asipande mhogo peke yake, aweke na ulezi, aweke na maharage, atafute mzinga hata mmoja, asuke, afuge, asimkabidhi Mungu kapu moja tu na kumwomba alijaze. Leo hakuna nyumba katika Mkombozi isiyo na mhogo wa Auleria nyuma ya choo, na mwaka huu hakuna mtoto aliyevimba miguu.

Mwezi Novemba 1980 alianza kuvimba miguu yeye, moyo ukawa unachoka, akalazwa Hospitali ya Biharamulo tarehe 11 Januari 1981, akapata nafuu, akatoroka siku mbili kuja kupalilia, akarudishwa tarehe 29. Jioni ya tarehe 16 Februari alimshika Jovina mkono, akaulizia mvua, akaulizia mbuzi wa Keza, kisha akamwambia: "Nizikeni pale walipochimba." Alifariki kesho yake, Jumanne, tarehe 17 Februari 1981, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, miezi tisa na siku tatu. Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, mbuzi ishirini na sita katika vijiji vinne, na mizinga kumi na saba.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Biharamulo waliomhudumia, hata yule muuguzi aliyemkimbiza hadi getini akitoroka, tunakushukuru, mama. Tunawashukuru walimu wenzake Jovina, wanakwaya, na dereva wa lori aliyetuleta na mwili bila kudai kitu. Tunamshukuru Mama Nyirabahizi, maana barua ya kijiji iliwakataza wachimba makaburi kupanda huku, nao wakatii, na jana mchana yeye aliwaongoza akina mama kumi na tisa waliokula unga wa mwaka wa njaa, wakashika majembe, jambo ambalo wanawake wetu hawajawahi kulifanya, wakachimba kaburi hili mnaloliona, kwenye tuta lile lile la mkutano. Walikuta mihogo. Ile mitamu aliyoipanda upya baada ya ahadi ile ya mwenyekiti ndiyo mliyokula asubuhi na chai, na Ndugu Mwenyekiti alipewa vipande viwili na chumvi kidogo, akala, tumemwona, tunamshukuru kwa hilo pia.

Sasa tuna ombi moja kwa karani wa kijiji, naye yuko pale nyuma ya mgomba, asijifiche. Ndugu Karani, daftari lako la mwaka 1974 lina majina kumi na moja yenye mhuri wa serikali, na serikali haing'oi makaburi iliyoyaandika yenyewe. Kwenye namba moja futa jina la babu yetu, andika Pancras Privatus. Kwenye namba kumi na moja futa jina la mama yetu Nimpaye, andika Auleria Ruhuma. Haya mawili ni ya kweli, wala hatuyaondoi kwa barua yoyote. Yale tisa yaache yasomeke kama yalivyo, na siku mvua itakapogoma tena, njooni na majembe, mnajua pa kuchimba.

Auleria, mtoto wa mwaka wa nzige, umekwenda chini ya udongo, mahali ulipotufundisha kuweka akiba. Pumzika kwa amani, dada, kilima ni chako.